Utambuzi wa Hesi katika Bunduki Kongwe za Ulaya: Historia, Vipimo na Utaratibu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi ya kuhifadhi vifaa vya kale, ufa huo mara nyingi huwa mdogo mno: tundu moja lililopotewa na skurubu yake. Bunduki ya gumegume iliyoundwa Birmingham au Liège takribani miaka mia mbili iliyopita inaweza kumfikia mhifadhi ikiwa na mtutu, mtambo na kitako kamili, ila skurubu moja haipo. Asiyejua hufungua kopo la skurubu za kisasa, akachagua moja inayoelekea kufanana na zilizosalia. Skurubu hiyo huingia mzunguko wa kwanza na wa pili, kisha hukaza. Anapoongeza nguvu ya bisibisi, chuma kipya kilicho kigumu hula chuma cha kale kilicho laini. Ndani ya dakika moja, alama zilizochongwa na fundi aliyefariki zamani hufutika, wala hakuna anayeweza kuzirejesha.

Makala haya yanalenga kueleza jinsi ukubwa wa hesi katika bunduki kongwe za Ulaya unavyotambuliwa. Kwanza, yatafafanua istilahi za msingi. Pili, yataonyesha kwa nini hesi za zamani zilitofautiana, na jinsi usanifishaji ulivyoingia. Hatimaye, yataeleza utaratibu wa upimaji pamoja na mfano mmoja wa kuthibitisha.

Istilahi za Msingi

Kiswahili hakikosi maneno ya kulizungumzia jambo hili. Neno parafujo lilitoka katika lugha ya Kireno, na skurubu katika Kiingereza. Neno hesi nalo hutumiwa kwa maana mbili: skurubu yenyewe, au mtaro unaoizunguka. Katika makala haya, skurubu ni kifaa kizima, yaani kichwa na mwili wake, ilhali hesi ni mtaro unaopanda kwa kuzunguka mwilini mwa skurubu au ndani ya tundu.

Hesi huwa na sifa nne zinazopimika. Sifa ya kwanza ni kipenyo cha nje, yaani unene wa skurubu kutoka kilele cha hesi upande mmoja hadi kilele cha upande wa pili. Sifa ya pili ni hatua, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Katika mfumo wa milimita, hatua hutajwa moja kwa moja; katika mfumo wa inchi, hutajwa idadi ya hesi zinazopatikana katika inchi moja. Sifa ya tatu ni pembe iliyopo kati ya kuta mbili za mtaro. Sifa ya nne ni umbo la kilele na bonde: je, vimeviringwa au vimekatwa bapa? Aidha, ni lazima kuangalia mwelekeo wa mzunguko, kwani zipo skurubu zinazokazwa kwa kuzungushwa kushoto.

Mtu anayepima kipenyo peke yake amejua robo tu ya jambo. Skurubu mbili zinaweza kulingana kabisa kwa unene, na bado moja isiingie katika tundu la nyingine.

Hesi Kabla ya Usanifishaji

Kabla ya katikati ya karne ya 19, hakukuwa na kipimo kimoja cha hesi kilichokubaliwa katika karakana za Ulaya. Kila fundi wa bunduki alikuwa na bamba lake la hesi. Hili lilikuwa kipande cha chuma cha pua chenye matundu kadhaa ya ukubwa tofauti, kila tundu likiwa na hesi ndani yake. Fundi alichukua kijiti cha chuma laini, akakiingiza katika tundu la bamba na kukizungusha hadi hesi zikajitokeza. Kwa tundu la bunduki, alikuwa na kifaa cha pili cha kukatia hesi za ndani kilichooana na bamba lile lile. Bamba lilipochakaa, hesi zake nazo zilibadilika. Bamba la jirani wa mtaa wa pili lilikuwa na vipimo vingine.

Ni muhimu kutambua kuwa mabamba mengi ya zamani hayakukata chuma bali yaliminya. Chuma kilichominywa bondeni kilisukumwa juu, kikaunda kilele. Kwa hiyo, kipenyo cha nje cha skurubu iliyokamilika kilizidi kipenyo cha kijiti kilichotumika kuitengeneza. Anayetengeneza mbadala kwa kifaa cha kisasa cha kukata, akaanza na kijiti chembamba kwa kuiga njia ya zamani, hupata hesi fupi zisizoshika.

Kutokana na hali hii, skurubu ya bunduki moja haikutarajiwa kuingia katika bunduki nyingine, hata kama zote mbili zilitoka katika karakana moja. Hata skurubu za mtambo mmoja hazikubadilishana nafasi kwa urahisi. Ndiyo maana mafundi wengi walitia alama ndogo za tupa kwenye skurubu na kando ya matundu yake, ili kila moja irudi mahali pake. Alama hizo hudhaniwa na wasiojua kuwa mikwaruzo, wakazisugua na kuzing'arisha. Mhifadhi makini huzinakili kabla ya kufungua chochote.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuifananisha hali hii na lahaja. Kila karakana ilikuwa na lahaja yake ya hesi, iliyoeleweka vyema na wenyeji wake na ikatosheleza mahitaji yao. Tatizo lilitokea pale vifaa vilipoanza kusafiri mbali na fundi aliyeviunda. Jeshi linalopigana ugenini haliwezi kumrudia fundi wa awali kwa kila skurubu inayopotea.

Jitihada za kutafuta ulinganifu zilianza Ufaransa. Mwaka wa 1785, fundi Honoré Blanc alionyesha mitambo ya bunduki ambayo vipande vyake viliweza kubadilishana. Miongoni mwa walioshuhudia ni Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani huko Paris. Hata hivyo, ulinganifu huo ulikuwa wa karakana moja. Haukuwa sheria kwa mafundi wote.

Whitworth na Waliomfuata

Mwaka wa 1841, mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth aliwasilisha mbele ya chama cha wahandisi wa ujenzi huko London pendekezo la mfumo mmoja wa hesi. Njia aliyoitumia inafaa kuzingatiwa. Hakubuni mfumo kutoka hewani. Alikusanya skurubu kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima, kisha akatafuta wastani wake. Matokeo yake yakawa hesi yenye pembe ya digrii 55, iliyoviringwa kileleni na bondeni, na idadi maalumu ya hesi kwa kila unene. Skurubu ya robo inchi ilipewa hesi 20 kwa inchi, ya thumni tatu za inchi hesi 16, na ya nusu inchi hesi 12.

Msomaji atakumbuka kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba Kamati ya Lugha iliundwa mwaka wa 1930 kuendeleza kazi hiyo. Katika lugha lahaja moja iliteuliwa. Katika hesi ulitafutwa wastani wa nyingi. Lakini katika hali zote mbili, kilichokuwapo kabla ya usanifishaji hakikutoweka siku ya tangazo. Mafundi wa bunduki waliendelea kutumia mabamba yao kwa miaka mingi baada ya 1841.

Mifumo mingine ilifuata. Mwaka wa 1864, William Sellers wa Philadelphia alipendekeza hesi ya digrii 60 yenye kilele bapa kwa ajili ya viwanda vya Marekani. Huko Uswisi, Marc Thury wa Geneva alibuni mfumo wa skurubu ndogo wenye pembe ya digrii 47.5. Chama cha Uingereza cha kuendeleza sayansi kiliutumia kama msingi wa mfumo uliopendekezwa mwaka wa 1884, unaotambulika kwa herufi BA. Ajabu ya mfumo huu ni kuwa, ijapokuwa ni wa Uingereza, vipimo vyake ni vya milimita: skurubu yake kubwa zaidi, yenye namba 0, ina kipenyo cha milimita 6 na hatua ya milimita 1, na kila hatua inayofuata ni sehemu tisa kwa kumi za iliyotangulia. Mwaka wa 1898, wajumbe waliokutana Zürich walikubaliana kuhusu mfumo wa kimataifa wa milimita wenye pembe ya digrii 60.

Tarehe hizi ni ushahidi. Bunduki ya gumegume ya mwaka wa 1800 ikipatikana na skurubu yenye vipimo kamili vya BA, ni wazi kuwa skurubu hiyo iliwekwa baadaye. Kwa njia hii hesi humsaidia mtafiti kutenganisha kipande cha asili na cha ukarabati, sawa na jinsi msamiati mpya ndani ya mswada wa kale unavyofichua mkono wa mnakili wa baadaye.

Inchi Zisizolingana

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa inchi ni moja. Inchi ya Uingereza ni milimita 25.4. Inchi ya kifalme ya Ufaransa ilikuwa takribani milimita 27.07, nayo iligawanywa katika mistari 12, kila mstari ukiwa takribani milimita 2.26. Inchi ya Prussia ilikuwa takribani milimita 26.15, na ya Vienna takribani milimita 26.34. Ufaransa iliweka sheria ya mita mwaka wa 1795, lakini matumizi yake hayakuwa ya lazima kikamilifu hadi mwaka wa 1840. Ujerumani ilifuata mwaka wa 1872 na Austria mwaka wa 1876. Kwa hiyo, mtu anayepima bunduki ya Ujerumani ya mwaka wa 1830 kwa kipimo cha milimita atapata tarakimu zisizo na mpango wowote, hadi atakapokumbuka kuzigawa kwa inchi ya mahali husika.

Isitoshe, kukubali mita hakukuwa na maana ya kuacha inchi karakanani. Mfano ulio wazi ni bunduki ya Mauser iliyopitishwa na jeshi la Ujerumani mwaka wa 1898, miaka 26 baada ya nchi hiyo kukubali mita. Mtutu wake hukaa katika sehemu ya nyuma kwa hesi 12 kwa inchi, zenye pembe ya digrii 55, mtindo wa Whitworth. Skurubu mbili zinazoshikilia kinga ya kifyatulio zina kipenyo cha robo inchi na hesi 22 kwa inchi. Hesi ya 55 iliyotungwa na Mwingereza ilikuwa imeenea katika viwanda vya Ujerumani, na mashine zilizokwisha kununuliwa hazikutupwa kwa sababu ya sheria mpya. Ikumbukwe pia kwamba hesi 22 si idadi ya Whitworth mwenyewe kwa robo inchi. Yeye aliweka 20. Pembe ni yake, hatua si yake. Hapo ndipo wengi huteleza.

Utaratibu wa Utambuzi

Hatua ya kwanza ni usalama. Bunduki nyingi za kujazwa kwa mdomoni zimepatikana zikiwa na baruti na risasi ndani baada ya miaka mingi. Kabla ya kugusa skurubu yoyote, mdeki huingizwa mtutuni hadi unapokoma, huwekewa alama, kisha hutolewa na kulazwa nje ya mtutu. Ukikoma kabla ya kufika usawa wa tundu la kuwashia, kuna kitu ndani, na kazi isimame hadi mtaalamu aitwe. Kadhalika, kizibo cha nyuma ya mtutu kisifunguliwe na asiye fundi, na sheria ya nchi kuhusu umiliki wa silaha izingatiwe.

Hatua ya pili ni kusoma mahali na wakati. Alama za ukaguzi husaidia mno. Shirika la mafundi wa bunduki wa London lilipata hati yake ya kifalme mwaka wa 1637, na nyumba ya ukaguzi ya Birmingham iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1813. Mitutu ya Liège hutambulika kwa herufi ELG ndani ya umbo la yai. Mtafiti akishajua mji, amejua inchi ya kuanzia.

Hatua ya tatu ni kusafisha. Skurubu hulowekwa katika mafuta mepesi na kusuguliwa kwa brashi laini. Brashi ya waya isitumiwe, kwani hula vilele vinavyotarajiwa kupimwa.

Hatua ya nne ni kupima kipenyo cha nje kwa kalipa ya vania, katika sehemu tatu au zaidi. Skurubu za kale huwa na tabia ya kuwa nyembamba kuelekea nchani, na vilele vilivyochakaa hupunguza kipimo. Kwa hivyo, kipimo kikubwa zaidi ndicho kinachokaribia ukweli.

Hatua ya tano ni kupima hatua ya hesi. Njia bora ni kupima umbali wa hesi nyingi kwa pamoja, kisha kugawanya. Kutoka kilele cha kwanza hadi cha 11 kuna hatua 10. Anayehesabu hadi cha 10 amepata hatua 9 tu, na hesabu yake yote itaharibika. Ulinganisho ufuatao husaidia:

Hesi 18 kwa inchi: hatua ya milimita 1.41
Hesi 20 kwa inchi: hatua ya milimita 1.27
Hesi 22 kwa inchi: hatua ya milimita 1.15
Hesi 24 kwa inchi: hatua ya milimita 1.06
Hesi 26 kwa inchi: hatua ya milimita 0.98

Msomaji ataona kuwa hesi 26 kwa inchi na hatua ya milimita 1 zimekaribiana sana. Katika hatua 10, tofauti yake ni chini ya robo milimita. Skurubu fupi yenye hesi tano haiwezi kuamua shauri hilo peke yake. Itabidi ushahidi wa mji, tarehe na pembe uongezwe.

Hatua ya sita ni pembe na umbo. Bamba la kupimia hesi lenye meno huwekwa juu ya skurubu na vyote viwili huinuliwa kuelekea mwangani. Meno yakilingana na mabonde bila mwanga kupenya, pembe na hatua zimepatikana kwa pamoja. Ikiwa mwanga unapenya bondeni au kwenye kuta, bamba hilo silo. Kwa hesi zilizominywa kwa mkono, mwanga hupenya karibu kila mara, na hilo lenyewe ni jibu: hesi hiyo haimo katika mfumo wowote uliosanifishwa.

Hatua ya saba huhusu tundu lisilo na skurubu. Hapa mhifadhi hutengeneza nakala ya ndani kwa nta laini au mpira wa kumiminwa kama ule wa madaktari wa meno, kisha huipima nakala hiyo. Skurubu ya kujaribia iingizwe kwa vidole pekee. Ikikaza baada ya mizunguko miwili, itolewe. Bisibisi haina nafasi katika jaribio hili.

Mfano wa Kuthibitisha

Tuseme skurubu fulani ina kipenyo cha milimita 6.3, na umbali kutoka kilele cha kwanza hadi cha 11 ni milimita 11.5. Mtu wa haraka atasema ni skurubu ya milimita 6. Lakini skurubu ya kawaida ya milimita 6 ina hatua ya milimita 1, hivyo hatua 10 zingekuwa milimita 10. Mwingine atasema ni robo inchi ya Whitworth, kwa kuwa robo inchi ni milimita 6.35. Hatua 10 za Whitworth zingekuwa milimita 12.7. Zote mbili zimekataa. Ukigawanya 25.4 kwa 1.15, unapata takribani 22. Robo inchi, hesi 22: hii ni skurubu ya kinga ya kifyatulio ya Mauser iliyotajwa awali. Pembe ikithibitika kuwa digrii 55, shauri limekwisha.

Mfano huu unaonyesha pia chanzo cha uharibifu uliotajwa katika utangulizi. Skurubu ya hesi 20 huanza kuingia katika tundu la hesi 22, kwa kuwa katika mzunguko wa kwanza tofauti ni milimita 0.12 tu. Katika mzunguko wa tano tofauti imekuwa zaidi ya nusu milimita, karibu nusu ya hatua nzima, na vilele vya moja vimekalia vilele vya nyingine.

Hitimisho

Wapo wanaopendekeza kuwa tundu lililoharibika likatwe upya kwa hesi ya kisasa, ili bunduki ikamilike na kuonekana vizuri. Pendekezo hili lina mvuto, lakini lina gharama. Mhariri anayekutana na neno la Kiamu "mato" katika utenzi wa kale akaandika "macho" ili msomaji wa Kiswahili sanifu asisumbuke, amemsaidia msomaji huyo, ila amevunja kina na kufuta nyayo za mtunzi. Vivyo hivyo, anayekata hesi mpya katika tundu la kale amepata skurubu ya shilingi chache na kupoteza ushahidi pekee wa bamba lililotumiwa na fundi wa awali. Njia inayofaa ni kutengeneza skurubu kwa kulifuata tundu, kuitia alama ya siri inayoonyesha kuwa ni mpya, na kuandika vipimo vyake katika daftari la kifaa hicho. Ikiwa fedha au ujuzi wa kufanya hivyo haujapatikana, tundu liachwe wazi. Tundu tupu linaweza kusubiri. Lililokatwa upya haliwezi kurudi.

Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili katika hili si ndogo. Mafundi wa gereji za Kenya hupima hesi kila siku, na vijana wanaofunzwa katika vyuo vya ufundi huzijua kwa majina ya kigeni peke yake. Maneno kama vile hesi, hatua, kilele, bonde na kipenyo yamekwisha kuwapo. Yanachohitaji ni kutumiwa katika maelezo kamili, ili fundi na mhifadhi waweze kuelewana kabla ya bisibisi kuinuliwa.